Ndege wa Bugarama Aliyeandikwa Kamanyola

Katika Kamembe ya miaka ile, mtu ambaye godoro lake lilikuwa limekwisha na kubonyea katikati alijua pa kwenda. Aliteremka kutoka sokoni, akaupita msikiti, akaingia kibarazani kwa Kamali Yasini, ambako sufi ilipeperuka hewani mchana kutwa na kuganda kwenye nyusi za mwenye kazi. Kamali alishona magodoro na kuvika upya viti vya sofa. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye vidole vyembamba visivyolingana na mwili wake, na wateja walizoea kugeuza godoro huku na huku wakitafuta mahali sindano ilipopita wasipaone. Walimsifu, yeye akaitikia kwa kichwa. Wachache tu ndio waliojua kwamba mshono ule hakujifunzia kwenye magodoro. Alijifunzia kwenye ndege.

Alizaliwa hapo hapo Kamembe, nchini Rwanda, mwaka 1936, mtoto wa muuza vitambaa. Alipofika miaka kumi na minane alivuka mto wa mpakani kwenda upande wa Bukavu kutafuta kazi, akaipata katika kituo kimoja cha Wabelgiji waliokuwa wakikusanya ndege wa misitu na mabonde ya kule. Mwanzo alifagia. Baadaye mkubwa wa kituo, mzungu mmoja mzee mwenye kikohozi, alimwona akikunja kitambaa cha meza, akavitazama vile vidole, akampa kisu.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Ndege aliyekufa hupasuliwa tumboni kwa mkato mfupi, mwili wake wote hutolewa, ikabaki ngozi na manyoya, fuvu na miguu. Damu hukaushwa kwa unga wa mahindi, ndani hupakwa dawa ya kuzuia wadudu, kisha ngozi hujazwa pamba na kushonwa hata ndege aonekane amelala chali, mabawa ubavuni. Mwisho miguu hupishanishwa, na kikaratasi hufungwa kwa uzi. Kwenye kikaratasi huandikwa mahali ndege alipopatikana, tarehe, na jina la aliyempata. Kamali alikaa kituoni miaka kumi na mitatu. Ndege waliopita mikononi mwake walizidi elfu nne, na jina lake halikuwamo kwenye kikaratasi hata kimoja, maana aliyeshona hana nafasi pale. Hakulalamika. Lakini alikuwa amekwisha kuliona hilo, na jambo ambalo mtu wa namna yake amekwisha kuliona halimtoki.

Mkono haukuwa kipaji chake cha pekee. Alikuwa na sikio. Mkubwa wa kituo alimtanguliza msituni kabla ya wenzake. Kamali alikaa juu ya mzizi nusu saa, kimya, kisha akarudi na kutaja ni ndege gani wamo mle, wangapi, na yupi yuko juu na yupi chini. Walipokwenda kuhakikisha, walikuta ni kama alivyosema.

Mwaka 1961 kituo kilimwajiri Mukengere, mtu wa Kabare, mdogo wake kwa miaka mitano hivi. Mukengere alikuwa amesoma, aliandika Kifaransa kizuri, lakini mikono yake ilikuwa mizito na ngozi zilimchanikia. Kamali alimfundisha. Alimshika kidole akakiongoza kwenye mfupa wa bawa, mara moja, mara ishirini, mpaka mkono ukashika. Mukengere akawa anamwita yaya, kama wadogo wanavyowaita wakubwa wao upande ule. Walikula sahani moja. Mukengere alipooa, Kamali alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka.

Kisha ukaja mwaka 1967. Vita vya askari wa kukodiwa viliifikia Bukavu, wazungu wakakimbia, na hali ilipotulia kikatoka kituoni kikaratasi cha majina ya watu wa nje wasiotakiwa tena kazini. Kamali alikuwa Mnyarwanda. Mukengere alimsindikiza hadi kwenye daraja la Rusizi akiwa amembebea sanduku kichwani. Akamwambia kwamba mambo yakitengemaa atamwombea arudishwe. Mambo yalitengemaa, na Mukengere akapanda cheo mpaka akawa mkuu wa chumba cha ndege, lakini barua ya kumrudisha Kamali haikuja. Kamali hakumlaumu. Alisema huenda si jambo lililo mikononi mwake. Akaanza kushona magodoro, akaoa mwanamke wa Gitambi aliyeitwa Nyiraneza, na miaka kumi na minne ikapita.

Ilikuwa mapema Machi 1981 aliposhuka Bugarama kuchukua sufi. Bugarama ni bonde la joto. Anayetoka kwenye ubaridi wa Kamembe akifika kule hutafuta kivuli kabla ya kusalimia. Mwenye sufi alikuwa Munyaneza, mkulima wa mpunga, ambaye shamba lake liliishia kwenye kichaka cha miiba karibu na mto. Wakiwa wanafunga magunia, Kamali alisimama ghafla, kamba mkononi.

Kichakani ndege alikuwa akiimba. Aliimba upesi upesi, mluzi safi, kisha mkwaruzo kama wa jiwe kwenye sufuria, kisha mluzi tena, bila kuvuta pumzi. Munyaneza alimwuliza kuna nini. Kamali alimwomba anyamaze. Alikuwa akiwafikiria ndege wote wa bonde lile, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayepapasa mfukoni akitafuta funguo, na huyu hakuwamo.

Sufi ilikaa pale. Kamali alikwenda akachutama ukingoni mwa kichaka, jua likamchoma shingo mpaka adhuhuri, asione kitu ila majani yanayotikisika. Alirudi Kamembe jioni na nusu ya magunia. Kesho yake akashuka tena, na siku ya tatu tena, kazi za watu zimelala kibarazani, Nyiraneza akiwajibu wateja kwa niaba yake. Siku hiyo ya tatu ndege alitoka. Alirukia tawi kavu, mkia ameuinua, akakaa kwa muda ambao mtu angeweza kuhesabu hadi thelathini.

Mgongo wake ulikuwa wa kijivu. Kifua kilikuwa rangi ya chungwa, na hapo ndipo mtu mwingine angekosea, kwa sababu katika vijiji vyote vya pale yuko ndege mwenye kifua cha chungwa anayeimba alfajiri, na kila mtu anamjua. Lakini yule wa vijijini ana nyusi nyeupe pana na mkia wenye wekundu kando. Huyu mkia wake ulikuwa mweusi mtupu. Mashavu yalikuwa meusi, na katikati ya koo ulishuka mstari mweupe mwembamba, kama ukosi wa kanzu unaochungulia.

Kamali hakuwahi kumwona akiwa hai. Alimwona kule kituoni, kwenye droo ya kumi na saba ya ngozi, upande wa dirishani. Walikuwa wawili, ngozi zilizoletwa kutoka Kenya kwa kubadilishana, na mkubwa wa kituo alimweleza siku ile kwamba ndege hawa huzaliwa Uturuki na Uajemi, na majira ya baridi ya kule huja kukaa kwenye nyika kavu za Kenya na Tanganyika. Zaidi ya hapo hawaendi. Jina lao la kitaalamu lilianza na neno Irania, kwa ajili ya Uajemi, ndiyo sababu halikumtoka. Na sasa mmoja wao alikuwa hapa, upande usio wake kabisa wa nchi za maziwa, juu ya tawi kavu la Munyaneza. Kamali alisema baadaye kwamba alijiona kama mtu aliyeitwa jina lake katikati ya soko la ugenini.

Nyumbani alimweleza Nyiraneza, naye akamsikiliza akichambua maharagwe. Akamwuliza sasa atafanya nini. Kamali akasema neno la mshona magodoro halitaandikwa popote. Lazima awepo mtu wa kazi aone kwa macho yake. Atavuka amwite Mukengere. Nyiraneza akasema kwamba yule mtu, tangu alipolibeba sanduku hadi darajani, hajavuka siku hata moja kuja kuuliza kama lilifika. Kamali akasema ana shughuli nyingi.

Mukengere alimpokea vizuri sana. Alikuwa amenenepa, ana miwani, ana ofisi yenye pazia. Walishuka pamoja kwenye droo, na ngozi mbili za Kenya zilikuwa pale pale. Kamali akazielezea kabla hazijatolewa: shavu, koo, mkia, urefu wa bawa. Mukengere akapima bawa kwa rula, akamtazama juu ya miwani yake, akaketi. Kesho yake alikuwa Bugarama na wavu mwembamba ndani ya mfuko wa mchele.

Hapo ndipo ulipozuka ubishi wao wa kwanza. Kamali alitaka wamnase, wampime, waandike kila kitu, kisha wamwachie. Safari ndefu aliyokuja, alisema, inatosha. Na Machi haijaisha. Bado anaweza kurudi kwao.

Mukengere alitikisa kichwa. "Yaya, bila ngozi hii ni masimulizi tu. Bazungu hawaamini masikio ya muntu. Banaamini ngozi."

"Na jina la aliyemtambua?"

"Litaandikwa. Weye ndiye ulimutambua. Nani mwingine?"

Kamali aliliwaza jambo hilo akitembea mara mbili kukizunguka kichaka. Alijua Mukengere anasema kweli kuhusu ngozi. Yeye mwenyewe alikuwa amewaambia wengine maneno hayo hayo zamani. Na alijua pia kitu kingine, ambacho hakukisema ila miaka mingi baadaye, kwa mkewe: kwamba alilitaka lile jina. Elfu nne zilipita bila jina. Hii moja aliitaka. Akasema basi.

Saa nne asubuhi ndege aliingia wavuni. Mukengere alimbana kifua kwa vidole viwili, kama walivyofundishwa, akafa upesi. Wakaenda nyumbani kwa Munyaneza, wakaomba meza. Mukengere alichukua kisu, akakishika, akakirudisha. Tangu awe mkuu, miaka minane, hakuwa amechuna ndege, na huyu hakuwa ndege wa kujaribia. Akamsukumia Kamali kisu bila kumtazama.

Kamali alichuna. Munyaneza alisimama mlangoni akiangalia, na alisimulia baadaye kwamba hakuwahi kuona mtu akifanya kazi kwa upole namna ile juu ya kitu kilichokwisha kufa. Kamali aliomba unga wa mahindi, akapewa. Pamba hakuhitaji, alitumia sufi ya mti wa pale pale. Mkato aliushona kwa mishono saba midogo, akapishanisha miguu, akamlaza. Ilikuwa ngozi bora kuliko zile za Kenya, na wote wawili waliliona hilo.

Mukengere alisema vikaratasi vyenyewe viko ofisini, ataandika akifika. Kamali akachana karatasi kwenye daftari la Munyaneza, akaandika kwa mwandiko wake wa taratibu: Bugarama, Rwanda, tarehe 9 Machi 1981, kichaka cha miiba karibu na mto, dume, ametambuliwa na Kamali Yasini wa Kamembe. Mukengere akaisoma, akaikunja, akaitia mfuko wa shati. Ndege akawekwa ndani ya kopo la biskuti, kopo likazikwa kwenye mchele, na Mukengere hakurudi Bukavu kwa njia ya Kamembe. Alivuka daraja la karibu, akaingia Kamanyola, upande wa Zaire.

Baada ya siku hiyo Kamali akawa mtu mwingine. Aliyekuwa mkimya alianza kuzungumza. Alimweleza muuza nyembe, aliwaeleza wazee baada ya sala ya alasiri, alimweleza mteja mwenye kiti kilichovunjika mguu, kwamba kuna ndege wa Uajemi aliyefika Bugarama na kwamba habari zake zitachapishwa Ulaya, jina la Kamali likiwemo. Watu walimfurahia. Wengine walianza kumwita Mzee wa Ndege, kwa utani usio na ubaya. Kila alipopita muuza nyembe alimwuliza kama kitabu kimefika. Bado, alijibu. Vitu hivi huenda polepole. Mwaka ukaisha hivyo, na mwingine ukafika katikati.

Kilichofika kilifika kwa njia nyingine. Huko Mibirizi alikuwako mwalimu mmoja, Antoinette, ambaye Kamali alikuwa amemvikia viti vya sebuleni. Antoinette alipenda mambo ya wanyama na mimea, na ndugu yake aliyesoma Ubelgiji alimtumia magazeti ya kitaalamu kila alipoyapata. Siku ya soko alikuja kibarazani akiwa na moja mkononi, uso umejaa furaha, akasema amemwona ndege wake. Habari yenyewe ilikuwa fupi, haikumaliza hata ukurasa. Akaanza kusoma, akiifasiri sentensi moja moja kutoka Kifaransa. Mashavu meusi, mstari mweupe, mkia mweusi. Ndege wa kwanza wa aina hiyo kupatikana magharibi kiasi hicho. Kamali alikuwa ameweka sindano chini.

Antoinette akafika mahali palipotajwa, akapunguza sauti. Kamanyola, Zaire. Tarehe 9 Machi 1981. Ameonwa, amenaswa na ametambuliwa na Bwana Mukengere.

Kamali akamwomba asome tena hapo. Akasoma tena. Kamali akauliza kama chini, kwa herufi ndogo, hakuna shukrani kwa mtu yeyote. Antoinette akatafuta. Palikuwa na shukrani kwa profesa mmoja wa Ulaya aliyetuma wavu.

Asubuhi yake Kamali alivua nguo za kazi, akavaa kanzu safi, akavuka. Hakupiga kelele ofisini kwa Mukengere. Watu wa chumba cha pili hawakusikia kitu. Aliuliza tu ilikuwaje.

Mukengere alivua miwani. Alieleza kwamba hakuwa na kibali cha kunasa ndege Rwanda. Angeandika Bugarama, wakubwa wangetaka kukiona kibali hicho, na angepoteza kazi, na pengine angefungwa. Kamanyola na Bugarama ni bonde moja, ndege haulizwi pasi. Kamali akasema mahali ameelewa. Jina je?

"Jina lako lingebapeleka kwenu," Mukengere akasema. "Bangeuliza, huyu muntu wa Kamembe alikuwa akitafuta nini Kamanyola? Kila kitu kingejulikana, yaya."

"Ulilijua hilo lini?"

"Nilipofika darajani."

"Karatasi yangu ulikuwa nayo mfukoni."

"Nilikuwa nayo."

Kamali hakuuliza ilikwenda wapi. Aliomba amwone ndege. Wakashuka, na Mukengere akaivuta droo ya kumi na saba, kisha akageuka dirishani, labda kwa haya, labda kwa sababu hakutaka kuona. Ndege alilala kati ya wale wawili wa Kenya, kifua kikiwa bado na rangi yake. Kamali alimwinua akamgeuza. Mishono saba ilikuwepo, na hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyejua kuiona. Miguuni kulikuwa na kikaratasi kilichochapwa vizuri, chenye uongo wa sehemu mbili, na uzi uliokifunga ulikuwa mwembamba. Kucha ingetosha kuukata.

Alisimama na uzi ule kati ya vidole vyake. Lakini ni yeye aliyemfundisha Mukengere, na wengine wengi, kwamba ngozi isiyo na kikaratasi ni takataka. Haijulikani imetoka wapi wala lini, hutupwa motoni. Angekikata, ndege yule asingekuwa wa Bugarama. Asingekuwa wa popote. Angekuwa ameuawa mara ya pili, na mara hii bila msaada wa Mukengere. Akamrudisha mahali pake, akaisukuma droo, akaondoka bila kuaga. Hilo halikuwa tabia yake, na darajani lilimsumbua, akajichukia kwa kusumbuka.

Alipofika nyumbani alimweleza mkewe kila kitu. Nyiraneza hakuwa mtu wa kufurahia makosa ya mwenzake, lakini hakuwa pia mtu wa kumdanganya.

"Ni weye ulienda kumwita," akasema.

"Ni mimi."

Antoinette ndiye aliyesema wasikubali. Alimwandikia barua mhariri wa gazeti lile, kwa Kifaransa safi, kurasa tatu: kichaka, Munyaneza aliyeshuhudia, daftari lililochanwa karatasi, sufi iliyomo ndani ya ndege badala ya pamba, mishono saba. Alipendekeza ngozi ifunguliwe waone. Kamali akatia sahihi. Jibu lilikuja baada ya miezi mitano, likiwa na adabu nyingi. Mhariri alisema anaheshimu sana mapenzi ya Bwana Kamali kwa ndege. Lakini kumbukumbu pekee iliyopo ni ile ya Kamanyola, nayo ina ngozi; haitawezekana kuharibu kielelezo cha pekee ili kutafuta aina ya pamba. Alikuwa amemwuliza Bwana Mukengere, ambaye alieleza kwa masikitiko kwamba anamfahamu mlalamikaji: mfanyakazi wa zamani wa kazi za mikono, aliyeachishwa mwaka 1967, ambaye tangu hapo amekuwa na kinyongo na kituo.

Antoinette aliisoma barua hadi mwisho kwa sababu Kamali alimwambia asiruke kitu. Kisha akataka kuandika tena, kwa watu wengine, kwa wakubwa wa Kigali ikibidi. Kamali akamshukuru, akamwambia basi. Katika mambo yote, lile neno kinyongo ndilo lililomkaa. Miaka kumi na minne alikuwa amemtetea Mukengere mbele ya mkewe, mbele ya nafsi yake, asiwe na kinyongo. Sasa alikuwa nacho, na kilikuwa kimeandikwa kabla hajakipata.

Muuza nyembe aliendelea kuuliza habari za kitabu, kwa nia njema, mpaka siku moja Kamali akamjibu kwamba hakuna kitabu wala hakukuwa na ndege. Neno hilo lilitembea. Watu wakaamua kwamba mzee alikuwa ameota, na lile jina la utani likapata ladha nyingine. Watoto wakalitumia wakikimbia. Kamali hakuwasahihisha. Kule Bugarama Munyaneza alikifyeka kichaka mwaka 1984, akafungulia maji, akapanda mpunga. Alimpelekea Kamali salamu za kumwomba radhi, na Kamali akajibu kwamba shamba ni lake.

Alirudi kwenye kimya chake, lakini hakikuwa kimya kile cha kwanza. Zamani alinyamaza kwa sababu alikuwa akisikiliza. Sasa alianza kufanya kazi redio ikiwa imefunguliwa kwa sauti kubwa, muziki wa Kinshasa asubuhi hadi jioni, yeye ambaye hakuwahi kupenda redio. Nyiraneza alielewa ni ya nini, hakumwomba aipunguze.

Mukengere alifariki Juni 1988, kwa ugonjwa wa figo. Habari zilivuka siku hiyo hiyo. Jamaa zake hawakujua yaliyopita kati yao, au walijua wakaona msiba umeyafuta. Wakatuma mtu hadi Kamembe kusema kwamba yaya wa marehemu anangojewa, na kwamba hawatazika kabla hajafika. Kamali alimkaribisha mjumbe, akampa chai, akampa pole. Alisema ana kazi ya watu.

Majirani walisema si vizuri. Nyiraneza alijifunga kitenge chake cha misiba na kuvuka peke yake, kwa sababu alifikiri lazima mmoja wao awe mtu anayeweza kutazamana na watu usoni kesho. Alirudi kesho yake alasiri, viatu vina tope. Kamali alikuwa akishona godoro la pande mbili, la bwana harusi wa Gihundwe. Alipunguza redio.

Nyiraneza akamweleza waliokuwepo, na jinsi mjane alivyokonda, na watoto. Kamali akauliza kama kulisomwa chochote. Akasema ndiyo, mtu wa kituoni alisoma maisha ya marehemu, kurasa nyingi.

"Walimtaja ndege?"

"Walimtaja." Akaketi akaanza kuvua viatu. "Walisema alimsikia akiimba kichakani, akamjua kwa sikio tu kabla hajamwona. Walisema Mungu alimpa sikio ambalo hakumpa mtu mwingine."

Kamali aliivuta sindano mpaka uzi ukakaza, akaukata kwa meno. Akauliza kama mvua ilimshika njiani. Nyiraneza akasema ilimshika darajani, lakini si sana.